Majibu ya Biubwa

Barua ya kusimamishwa kazi Specioza aliisaini akiwa wima, kwenye kaunta ya masjala, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja kadi. Karani hakumkaribisha kiti. Alimsogezea daftari, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu pa kuweka jina, kisha akasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, "Na sare za hospitali utarudisha, Sista. Imeandikwa humo."

"Leo?"

"Imeandikwa mara moja."

Akaenda chumba cha wauguzi, akavua gauni jeupe, akabaki na sketi na fulana ya kwaya aliyokuwa ameivaa ndani. Ndivyo alivyotembea kutoka Hospitali ya Mtakatifu Blandina mpaka nyumbani, nje kidogo ya Kilindoni, mchana wa Jumatatu. Watu waliozoea kumwamkia walimtazama mara mbili kabla ya kumtambua, na wengine walipomtambua walijifanya bado hawajamtambua.

Barua ilikuwa na aya mbili. Ilisema kwamba siku ya Jumapili muuguzi huyo alishindwa kusoma majibu ya maabara yaliyotumwa kwenye kompyuta ya wodi ya wazazi saa tano na dakika arobaini asubuhi, na kwamba kwa uzembe huo mgonjwa Biubwa Shaabani, mkazi wa Juani, hakuongezewa damu, akafariki saa tisa alasiri. Kamati ya nidhamu ingekaa Jumatano.

Mumewe, Valence, alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo hiyo, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alirudi kula chakula cha mchana akamkuta mkewe amekaa kwenye kigoda cha jikoni, jiko halijawashwa. Alisoma barua akiwa amesimama mlangoni.

"Majibu hayakuja, Baba Happy," Specioza alisema. "Niliangalia saa sita, nikaangalia saa saba, nikaangalia saa nane. Niliandika jina lake, nikaandika namba ya kadi. Tupu."

"Luqmani wa maabara anasema alituma."

"Najua anasema. Kwake imeandikwa 'imetumwa', na mimi sina ugomvi na Luqmani. Nakwambia kwangu hayakuja."

"Labda kompyuta ya wodi ilikuwa imeganda."

"Haikuganda. Mtoto wa kitanda cha nne alipimwa malaria, majibu yake yalikuja baada ya dakika kumi. Wa kitanda cha sita vilevile. Ndiyo maana sikushtuka. Nikajua ya Biubwa bado hawajamaliza, ni picha kamili ya damu, ina mambo mengi."

Valence aliacha kukunja barua. Majibu ya malaria ni neno moja. Picha kamili ya damu ni kurasa mbili na michoro.

"Kula kwanza," alimwambia mkewe, ingawa hapakuwa na chakula.

Biubwa alikuwa amejifungua nyumbani kwao Juani usiku wa Jumamosi, mtoto wa kike, na damu ikakataa kukatika. Alfajiri boti ya doria ya watu wa Hifadhi ya Bahari ilimvusha mpaka Utende, na kutoka hapo bajaji ikamfikisha hospitali kabla ya saa nne. Alifika anaongea. Alimuuliza Specioza kama mtoto amenyonya, kisha akaomba radhi kwa kuchafua shuka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mikono imekwaruzika kwa kamba za mwani, viganja vyeupe kama mtu aliyeshika unga. Specioza aliviona viganja. Alimtundikia maji, akachukua damu ya kupima, akaipeleka, kisha akamwambia Daktari Damian aliyekuwa njiani kuingia chumba cha upasuaji kwamba huyu anahitaji damu haraka.

"Majibu yakija unihabarishe," daktari alisema. "Bila majibu kwenye mfumo, benki ya damu haitoi chupa. Unajua utaratibu."

Aliujua. Ulibandikwa ukutani tangu mfumo mpya uwekwe: KARATASI MARUFUKU. MAJIBU YOTE YATASOMWA KWENYE MFUMO. Chini yake palikuwa na sahihi ya katibu wa hospitali, Bwana Rabson. Simu ya mezani ya wodi ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita. Kulikuwa na wajawazito wengine wawili katika uchungu, na muuguzi mmoja.

Bi Mwanaharusi, mwenye nyumba waliyopanga, alikuwa na desturi ya kuja kila asubuhi kupimwa shinikizo la damu. Alikuwa akikaa kwenye mkeka, ananyoosha mkono, anasimulia ndoto zake, na Specioza anamwambia apunguze chumvi. Jumanne hakuja. Specioza alimwona uani anaanika nazi, akatoka na mashine yake mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwanaharusi. Leo hatupimi?"

"Marahaba." Bibi hakuinua kichwa. "Nimepona."

"Shinikizo haliponi hivyo, mama."

"Basi litaniua lenyewe, bila msaada." Akaendelea kupanga vipande vya nazi, kisha akasema taratibu, kama anayezungumza na nazi, "Biubwa ni mtoto wa ndugu yangu Bimkubwa. Kwa baba mmoja. Hukujua. Mimi nilimpigia simu mamaake, nikamwambia mpelekeni kwa Blandina, pale yuko mpangaji wangu, mtu mwema, atamwangalia."

Specioza alisimama na mashine mkononi. Binti yake Happy, wa darasa la pili, alikuwa mlangoni amevaa sare ya shule, anamtazama mama yake asivyojua pa kuiweka ile mashine.

Saa hizo Valence alikuwa chumba cha seva. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Sasa kilikuwa na kiyoyozi na kabati moja la chuma. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na seva moja tu, lakini ndani ya seva hiyo zilifanya kazi kompyuta nne ambazo hakuna aliyeweza kuzigusa kwa mkono: ya mapokezi, ya maabara, ya picha za eksirei, na ya kumbukumbu za wagonjwa. Mafundi huziita mashine pepe. Ili zipelekeane taarifa, humo humo ndani palikuwa na swichi, nayo haina boksi wala waya. Ni programu inayopokea vifurushi vya taarifa kutoka mashine moja na kuvikabidhi kwa nyingine. Valence ndiye aliyeipanga. Katika kisiwa kizima pengine hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba ipo.

Wiki iliyopita Bwana Rabson alikuwa amelalamika kwamba picha za eksirei zinachelewa kufunguka, na wafadhili wangekuja tarehe ishirini kuukagua mfumo. Alhamisi Valence aliirekebisha swichi. Kipimo cha kifurushi kimoja kilikuwa elfu moja na mia tano. Akakipandisha hadi elfu tisa, kwenye swichi na kwenye mashine zote nne, ili taarifa nyingi zisafiri kwa mkupuo mmoja. Picha zikaanza kufunguka kabla mtu hajaondoa kidole. Daktari Damian alipiga makofi. Rabson alimnunulia soda.

Sasa aliketi mbele ya skrini, akatuma kifurushi kidogo kutoka mashine ya maabara kwenda ya kumbukumbu. Kikajibiwa papo hapo. Akatuma kikubwa. Kimya. Akatuma tena. Kimya. Akafungua hesabu za swichi, akasoma mstari wa vifurushi vilivyotupwa: elfu tatu mia nane na kumi na mbili.

Hakuhitaji kuendelea kutafuta, lakini aliendelea, kama mtu anayepekua mifuko akijua pochi imepotea. Jumamosi saa tisa alasiri umeme ulikatika, jenereta likachelewa kushika, seva ikazimika na kuwaka tena. Mashine pepe ziliamka na kipimo kipya, elfu tisa. Swichi iliamka na kile cha zamani, elfu moja na mia tano, kwa sababu Alhamisi Valence alikuwa ameibadilisha kwa amri ya papo hapo, na hakuiandika kwenye faili ambalo swichi hulisoma inapowaka. Alikusudia kuandika baada ya majaribio. Kisha akaitwa kunywa soda.

Tangu Jumamosi, basi, kila kidogo kilipita na kila kikubwa kilitupwa, bila kengele, bila taa nyekundu. Programu ya maabara iliandika "imetumwa" mara tu ilipokabidhi majibu kwa swichi. Haikungoja kujua kama yamefika.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Luqmani wa maabara, amevaa glovu mkono mmoja.

"Valence, kuna nini? Wodi ya watoto wananipigia kwenye simu yangu, eti majibu ya damu hawayaoni. Nina mtoto huko wa sukari, siwezi kukimbia huku na huku siku nzima."

"Nipe dakika mbili."

Aliandika amri ya mstari mmoja. Safari hii akaiandika na kwenye faili, akalifungua tena kuhakikisha, akalifunga, akalifungua. Kisha akaiamuru mashine ya maabara irudie kutuma yote ya tangu Jumamosi. Majibu arobaini na moja yaliingia kwenye kumbukumbu za wagonjwa kwa muda wa kukohoa. La kumi na tisa lilikuwa la Biubwa Shaabani. Wingi wa damu: nne nukta moja. Kundi O. Chini, kwa herufi nyekundu: HATARI, MJULISHE DAKTARI MARA MOJA. Na pembeni, saa: tano na dakika arobaini asubuhi, Jumapili.

Hapo ndipo alipoelewa alichofanya mara ya pili. Skrini ya wodi ilionyesha saa ambayo maabara ilimaliza kupima. Haikuonyesha saa ambayo majibu yalifika. Yeyote ambaye angekwenda sasa kwenye kompyuta ya wodi ya wazazi angeyakuta majibu pale, yametulia, kana kwamba yalikuwepo siku zote yakimsubiri Specioza ayasome.

Ukweli ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, kwenye kumbukumbu za swichi. Akazinakili kwenye flashi, akaitia mfukoni.

Mchana Bwana Rabson alimwita. Alikuwa na karatasi mezani, imetoka kuchapwa, ina joto bado.

"Nimekwenda mwenyewe wodini," Rabson alisema. "Haya hapa. Saa tano na dakika arobaini. Nakuonyesha wewe kwanza kwa kuwa ni mkeo, sikutaka uje kuyaonea kwenye kamati. Pole sana, fundi."

Valence alimweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akisahau siku, akirudia neno swichi mpaka likapoteza maana. Rabson alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mkeo?"

"Bado."

Rabson alikaa upande wa meza aliokaa Valence, kwenye kiti cha wageni. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita alijitolea mshahara wake wa mwezi kununua mafuta ya jenereta.

"Wafadhili wanakuja tarehe ishirini," alisema. "Wakisikia mfumo wao umeua mtu, mashine ya oksijeni hatuipati. Wodi ya watoto ina mtungi mmoja, unajua. Sikutishi, nakueleza tulivyo. Sista Specioza atapewa onyo kali, atahamishiwa kliniki ya nje. Kazi yake haipotei. Wewe mkataba wako unaisha Juni, na mimi ndiye ninayepeleka majina ya ajira ya kudumu. Ukisema hayo uliyoyasema hapa, mnakosa wote wawili. Wewe unaondoka. Yeye bado ataulizwa kwa nini hakutoka kwenda maabara kwa miguu yake. Nyumba nzima bila kazi, mko mbali na kwenu. Nani anafaidika? Yule dada ameshazikwa."

"Ameshazikwa," Valence alisema.

"Basi fikiri."

Jioni Specioza alikuwa amemaliza kuandika maelezo yake, kurasa nne za daftari la Happy. Alimpa mumewe asome kabla jua halijazama, wakiwa wamekaa kizingitini. Mwandiko wake ulikuwa wa kike, wa mviringo. Katika ukurasa wa tatu Valence alikuta sentensi iliyoandikwa kwa kukazia: *Maabara ni hatua sitini kutoka wodini. Sikwenda mwenyewe kuuliza.*

"Hii iondoe."

"Ndiyo kweli yenyewe."

"Wataitumia, Mama Happy."

"Waitumie. Nimezihesabu leo kichwani. Ni sitini, labda na tano."

Valence alikuwa na flashi mfukoni, inamchoma pajani. Alifungua mdomo. Kisha Happy akatoka ndani kuuliza kama kesho ataenda shule peke yake, na Specioza akamjibu ndiyo, na Valence akamrudishia zile kurasa.

Kamati ilikuwa na watu watano na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Specioza aliwekewa kiti cha plastiki mbali na meza, kwa hiyo kurasa zake nne alizishika mapajani, na feni ilizipeperusha akawa anazibana kwa viwiko. Daktari Damian alikaa dirishani, anatazama nje. Sista Mkuu, mtawa mzee aliyeongoza kikao, alifungua kwa sala.

Rabson alipitisha karatasi iliyochapwa. Ilipofika kwa Specioza aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii haikuwepo," alisema.

"Saa imeandikwa hapo, Sista. Isome kwa sauti."

"Saa tano na dakika arobaini."

"Ulikuwa zamu saa tano na dakika arobaini?"

"Nilikuwa zamu."

"Fundi wetu yupo," Rabson alisema, bila kumtazama Valence. "Fundi, Jumapili mfumo ulikuwa unafanya kazi?"

Valence alisimama. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana. Alikuwa amevaa bila kioo asubuhi.

"Ulikuwa unafanya kazi," alisema. Kisha akaongeza, "Kwa sehemu."

"Ulikuwa unafanya kazi. Asante, kaa."

Akakaa. Daktari Damian aligeuka akamtazama, kisha akarudi kwenye dirisha lake.

Specioza alisoma maelezo yake yote, hata ile sentensi. Alipomaliza, Sista Mkuu alivua miwani.

"Mwanangu, unakiri basi?"

"La kutokwenda maabara nakiri. La karatasi hii..." Aliigeuza nyuma, kama vile jibu lilikuwa upande wa pili. "Nilikuwa na uhakika. Niliangalia mara tatu. Lakini kama ipo, ipo. Labda nilichoka. Labda niliandika jina vibaya. Labda niliiona, Sista, na akili haikuiona. Mimi sasa sijui tena. Kama macho yangu yako hivyo, sistahili kushika sindano." Na akaanza kukunja zile kurasa, mara moja, mara mbili, mpaka zikawa ndogo.

"Hukukosea jina," Valence alisema.

Alikuwa amesimama tena, na hakukumbuka kusimama. Rabson alisema, "Fundi, hujapewa nafasi," lakini Sista Mkuu aliinua mkono.

"Hukukosea jina na hukukosa kuona. Majibu yaliingia jana saa tatu asubuhi. Mimi ndiye niliyeyaingiza. Kabla ya hapo hayakuwepo wodini, yalikuwa yanatupwa njiani, kwa sababu yangu. Ushahidi ni huu." Aliweka flashi juu ya kitambaa cha kijani. Kwa mara ya kwanza aliieleza sawasawa: Alhamisi, kipimo, Jumamosi, umeme, faili. Hakumtaja Rabson wala soda. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza hakujua pa kutazama, akamtazama mkewe.

Specioza hakuwa analia. Aliuliza jambo moja tu.

"Umejua lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi," alirudia. "Kabla hujaniambia niiondoe ile sentensi."

"Kabla."

Akatikisa kichwa polepole, akainuka, akarudisha kiti cha plastiki ukutani alikokikuta, akatoka.

Valence alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alikabidhi funguo za chumba cha seva kwa karani yule yule wa masjala. Polisi hawakuitwa, kwani kuwaita kungemaanisha kuandika mambo ambayo hospitali haikutaka yaandikwe. Specioza alirudishiwa sare pamoja na barua ya onyo. Nyumbani alipika, akamwekea mumewe chakula, akakifunika, kisha akaenda kulala kitandani kwa Happy. Alhamisi ikawa hivyo. Ijumaa ikawa hivyo.

Ijumaa hiyo Bi Mwanaharusi alikuja mwenyewe mlangoni. Habari za kamati zilikuwa zimemfikia, kama zilivyomfikia kila mtu, zikiwa zimegeuka: wengine walisema kompyuta imelogwa, wengine kwamba mume amejitwisha kosa la mke. Alikuwa na bahasha.

"Ussi, mume wa marehemu, kaletewa hii na hospitali. Kanitumia nitafute mtu anayejua ya hospitali amweleze. Nisomee."

Specioza alisoma. Hospitali ilitoa pole. Ilisema marehemu alifika akiwa amechelewa, akafariki kutokana na kuvuja damu baada ya kujifungua. Basi.

"Ndiyo kweli?" bibi aliuliza.

"Si uongo," Specioza alisema. "Lakini siyo yote."

Alirudi ndani. Valence alikuwa amekaa kitandani anaziba kwa uzi kitundu cha soksi ya Happy, kwa kukosa kazi nyingine. Specioza alimwambia maneno ya kwanza tangu Jumatano.

"Kesho tunakwenda Juani."

Walivuka asubuhi ya Jumamosi kutoka Utende, kwa boti ya injini iliyobeba mchele na mabati. Nyumba waliyoelekezwa ilikuwa ya mawe ya matumbawe, uani zimetandazwa kamba za mwani mkavu ambao hakuna aliyeukusanya wiki nzima. Ussi, mume wa marehemu, aliwapokea barazani. Alikuwa kijana mrefu, ndevu chache, macho ya mtu asiyelala. Mama mkwe wake, Bi Bimkubwa, alikuwa amekaa chini na mtoto mapajani, anamlisha maziwa ya kopo kwa kijiko.

"Hodi. Shikamoo, mama. Poleni kwa msiba."

"Marahaba. Tushapoa." Bibi alimtazama Specioza. "Wewe ndiye uliyekuwa naye."

"Ndiye mimi, mama."

"Alisema nini?"

"Aliuliza mtoto amenyonya. Halafu akaomba radhi kwa shuka."

Bi Bimkubwa alifumba macho kidogo, akafumbua. "Ndiye yeye," alisema. "Kaeni."

Walikaa. Valence alieleza. Alijaribu kuanza na seva, akaona uso wa Ussi umefunga, akaacha. Akaanza tena na majibu. Ussi alimsikiliza akichora kwa kidole kwenye vumbi la baraza, kisha akauliza swali moja moja, kama anayepiga msumari.

"Kwa hiyo majibu yalikuwepo."

"Yalikuwepo."

"Na damu ya kumwongezea ilikuwepo?"

Valence hakujua. Alimgeukia mkewe.

"Ilikuwepo," Specioza alisema. "Chupa mbili za kundi lake."

"Wapi?"

"Kwenye friji. Chumba cha pili kutoka alipolala."

Ussi aliinuka, akaenda mpaka mwisho wa ua, akasimama huko akiwapa mgongo. Aliporudi alikuwa na daftari na kalamu.

"Mimi sikusamehe," alimwambia Valence. "Usiniombe msamaha, maana utanitia dhambini. Lakini barua ya hospitali inasema mke wangu alichelewa. Hakuchelewa. Mimi nilimbeba, watu wa Hifadhi wakatuvusha kabla ya jua. Huyu mtoto akikua ataniuliza. Sitaki nimpe ile barua. Andika hayo uliyoyasema, kwa Kiswahili, uweke na sahihi."

Valence aliandika kwa muda mrefu, daftari gotini. Ussi alilichukua, akamsomea mama mkwe wake kwa sauti, kwa kuwa bibi hakujua kusoma. *Mimi, Valence, nilikuwa fundi wa kompyuta. Alhamisi nilibadilisha mpangilio wa swichi ya mtandao. Mpangilio huo sikuuhifadhi...*

"Hifadhi?" Bi Bimkubwa alikatiza. "Watu wa Hifadhi wamefanyaje tena? Si ndio waliotupa boti?"

"Si hao, mama. Anasema yeye hakuhifadhi."

"Hakuhifadhi nini?"

Ussi alitazama karatasi, kisha akamtazama Valence.

"Ni kama kuweka, mama," Valence alisema. "Kuna kitu nilipaswa kukiweka mahali pake kabla ya kuondoka. Sikukiweka."

"Kwa nini?"

Mtoto alikohoa, maziwa yakamtoka pembeni ya mdomo, bibi akamfuta kwa upindo wa kanga huku bado anamtazama Valence, anangoja. Valence alitafuta neno. Yalikuwepo maneno mengi ya kazi yake, na yote yalikuwa ya kweli.

"Nilisahau," alisema.

"Basi andika nilisahau."

Valence alichukua daftari, akakata neno aliloandika, akaandika lile juu yake. Akaweka sahihi. Alipotaka kumrudishia Ussi, Specioza alinyoosha mkono akalipokea, akachukua na kalamu. Chini ya sahihi ya mumewe aliandika mstari mmoja, kwa mwandiko wake wa mviringo, kisha akausoma mwenyewe, kwa sauti, ili bibi asihitaji kuuliza.

"Na mimi niliona viganja vyake, na sikwenda."

Bi Bimkubwa alimtenga mtoto na kifua chake, akamnyoosha kumwelekea Specioza.

"Mtazame kitovu," alisema. "Tangu jana naona kama kimevimba."

Specioza alimpokea kwa mikono miwili, akaingia naye ndani kwenye mwanga wa dirisha. Barazani walibaki wanaume wawili, na daftari katikati yao.